Maua ya Kigango na Ndoo za Maji



Kila kiangazi, katika vigango vyetu vya Pwani, swali ni lilelile: nani atamwagilia maua ya kanisa? Kwa sisi tulioko Janga swali hilo lina uchungu wake. Mtambo wa Ruvu Juu uko jirani tu, Mlandizi, unasukuma maji kwenda Dar es Salaam. Hapa wapo wanaonunua maji kwa dumu. Kumwagiza mama wa namna hiyo alete ndoo Jumamosi kwa ajili ya ukoka na mawaridi si ibada. Ni kumtwisha mzigo.

Na ua lipo. Wauza miche huliita vinka, wanasayansi *Catharanthus roseus*. Asili yake ni Madagaska, lakini Pwani limeshakuwa mwenyeji. Lina petali tano, za waridi au nyeupe, huota mchangani na hata kwenye ufa wa saruji, na likishashika mizizi huvumilia ukame. Kosa lake ni kwamba halikununuliwa! Basi siku ya usafi linafyekwa kama gugu, kisha bakuli la mchango wa mawaridi linapitishwa.

Katika *Laudato Si'* (2015), namba 12, Papa Fransisko anakumbusha kwamba Mtakatifu Fransisko wa Asizi aliomba sehemu ya bustani ya watawa iachwe bila kuguswa, maua ya porini yapate kuota. Wapo watakaosema Mungu anastahili kilicho ghali. Sawa, Pasaka tununue mawaridi ya kupamba altareni. Tunazungumzia uwanja, unaokunywa maji kila siku.

Jambo moja tulisemee kwa ukali. Katika miaka ya 1950, watafiti Robert Noble na Charles Beer huko Kanada walipata katika majani ya vinka dawa ya saratani, vinblastini. Baadaye ikapatikana vinkristini, inayotibu watoto wenye saratani ya damu. Dawa hizo hutengenezwa kiwandani na kudungwa mshipani kwa kipimo, hospitalini. Majani yenyewe yana sumu. Asitokee mtu akachuma uwanjani pa kanisa na kumchemshia mgonjwa.

Mbegu hazina gharama: vifuko vikikauka hupasuka vyenyewe. Kila jumuiya ikusanye kiganja kimoja sasa, zipandwe vuli ikianza, mvua izimwagilie.