Mwalimu wa mupira asibaki peke yake na mtoto



Mutu anayefundisha watoto mupira bila mshahara tunamupenda sana, na ni haki yake. Nguo za timu ananunua kwa feza yake. Lakini juu ya mapendo hayo hakuna anayeuliza: timu ikienda kucheza mbali, mtoto analala fasi gani?

Kule Uingereza ilikuwa vilevile. Barry Bennell alikuwa anafundisha vijana wa Crewe. Watoto walilala kwake, wazazi wakimuamini. Kumbe alikuwa anawaharibu. Andy Woodward, mmoja wao, alisema wazi ndani ya gazeti mwaka wa 2016, akiwa mutu mzima. Mwaka wa 2018 Bennell alihukumiwa tena, miaka 30 ya kifungo. Juu ya nini watoto wananyamaza? Yule anayewaumiza ndiye anayechagua nani atacheza!

Kwetu Congo sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inalinda kila mutu asiyetimiza miaka 18. Vizuri, lakini sheria haipandi kamio pamoja na timu.

Minaomba safari zote ziwe na wakubwa wawili, na mtoto ajue mutu mwingine wa kumuambia shida yake, asiye mwalimu wa timu.

Wengine watasema tunatukana wenye kujitolea. Hapana! Mwalimu akisingiziwa, mwenzake ni shahidi wake. Anayekataa mwenzake, tumuulize sababu, mbele ya michezo ya likizo kuanza.