Kabla Seli Haijagawanyika

Muulize aliyesoma biolojia sekondari meiosisi ni nini, atakujibu bila kusita: seli moja hugawanyika mara mbili, zikapatikana nne zenye nusu ya kromosomu. Jibu ni sahihi, ila limeruka sehemu ndefu kuliko zote, profezi ya kwanza. Darasani sehemu hiyo huwa majina matano ya kukariri, leptotini hadi diakinesi, na mtihani ukipita yamesahaulika. Toleo hili tumelitoa kwa ajili yake, maana mengi yanayotugusa huamuliwa hapo.

Mwanadamu ana kromosomu 46, nusu za mama na nusu za baba. Katika profezi hii kila moja humtafuta mwenzake, na namna ya kumtafuta inashangaza: kimeng'enya kiitwacho Spo11 huikata DNA kwa makusudi, mahali pengi. Ncha zilizokatwa huenda kusaka mfuatano unaolingana nazo kwenye kromosomu ya pili, na katika kuunga majeraha hayo vipande vingine hubadilishana upande. Hiyo ni sababu mojawapo ya ndugu wa tumbo moja kutofanana. Tena sehemu zilizobadilishana ndizo zinazoishikilia jozi mpaka saa ya kuachana ifike.

Sasa tazama migomba ya matoke, ya Kagera na Uganda. Ina seti tatu za kromosomu 11, jumla 33. Watatu hawawezi kupangwa wawili wawili. Mgawanyo huenda kombo, na karibu hakuna mbegu inayopatikana. Mkulima hupanda machipukizi, kwa hiyo shamba zima huwa na jeni zilezile, na mnyauko wa bakteria ukiingia haukuti mgomba wenye kinga tofauti. Watafiti wa Uganda wanaozalisha aina mpya hulazimika kuchavusha mikungu mingi kwa mkono ili wapate mbegu chache tu. Mwalimu wa Bukoba ana mfano huu nyuma ya darasa, lakini kitabu cha kiada kinamletea michoro ya duara na rangi mbili.

Jambo la pili ni zito zaidi. Mtoto wa kike huanza meiosisi akiwa bado tumboni mwa mama yake. Anapozaliwa, mayai yake yameshafika diplotini, mojawapo ya yale majina matano, na kusimama hapo, jozi zikiwa zimeshikana, hadi yai litakapopevuka miaka 15, 30 au 45 baadaye. Protini zinazosaidia kuzishikilia, kohesini, huchakaa kadiri miaka inavyopita. Jozi ya 21 isipoachana vizuri, mtoto anaweza kuzaliwa na kromosomu tatu badala ya mbili, hali ambayo Jérôme Lejeune na wenzake waliitangaza Paris mwaka 1959. Kwa mama wa miaka 25 uwezekano ni takriban 1 kati ya 1,200. Kwa wa miaka 40, takriban 1 kati ya 100.

Na bado mama huyo huambiwa amelaaniwa, au alikula kitu, au alikosea wakwe. Hakuna alichofanya. Muuguzi wa kliniki ya wajawazito anapaswa kuweza kumweleza hivyo kwa Kiswahili chepesi, na makala ya kwanza, kuanzia ukurasa unaofuata, imeandikwa kwa ajili ya muuguzi huyo.