Mkanda wa Pablo Sandoval

Novemba 2014 timu ya besiboli ya Boston Red Sox ilimpa mchezaji Pablo Sandoval mkataba wa miaka 5 wenye thamani ya dola milioni 95. Mwaka uliofuata wastani wake wa kupiga ukashuka hadi .245. Februari 2016 picha za kitambi chake zikasambaa kutoka mazoezini Florida, kisha Aprili, akiwa anapiga dhidi ya timu ya Toronto, mkanda wa suruali ukakatika mbele ya kamera. Watu walicheka sana.

Lakini ni mwili huohuo mnene uliopiga "home run" 3 katika mechi moja ya fainali ya ligi ya 2012, na kumpa tuzo ya mchezaji bora wa fainali hiyo akiwa na timu ya San Francisco. Wakati ule mashabiki walivaa vinyago vya panda, jina lake la utani, kwa mapenzi!

Kilichommaliza 2016 ni bega la kushoto, lililofanyiwa upasuaji baada ya mechi 3 tu. Uzembe wa mazoezi ulikuwapo, haukataliki. Hata hivyo mikataba ya besiboli Marekani hulipwa hata mchezaji akiachwa, hivyo Boston walipomwacha Julai 2017 waliendelea kumlipa. Nusu ya lawama ni ya waliompa mkataba huo.