Mbuzi wa Maziwa na Eka Tatu

Baada ya Mapinduzi ya 1964 Serikali iliwagawia wakulima wa Unguja na Pemba ardhi kwa mafungu ya eka tatu. Eka hizo hazikuongezeka. Walioongezeka ni warithi, na mara nyingi palipolimwa na mtu mmoja leo wanalima ndugu watano. Mwenye kishamba cha namna hiyo ng'ombe atamlisha wapi? Mbuzi wawili wa maziwa anawaweza.

Wapo watakaocheka. Sisi visiwani mbuzi tunamjua siku ya akika na ya Idi, na siku nyingine tunamjua kwa ugomvi: kakata kamba, kala mihogo ya jirani, kamaliza miche ya mikarafuu, na sheha kaamshwa usiku. Mbuzi wa maziwa hafugwi hivyo. Hukaa bandani, juu ya sakafu ya mbao iliyoinuliwa na kuachwa nafasi ili mkojo na samadi vidondoke chini. Maana katika unyevu wetu adui yake ni minyoo, naye huipata kwa kula majani mabichi ya chini yenye umande. Hukatiwa majani ya tembo na lusina iliyopandwa mipakani, yakanyauka kidogo ndipo akapewa. Samadi hurudi migombani. Chotara aliyetunzwa vyema aweza kutoa lita moja hadi mbili kwa siku, na maziwa hayo yakichemshwa, mtoto wa skuli hangojei tena ya unga kutoka ng'ambo.

Lakini hapa hatuna budi kusema na wenye dhamana. Mradi huanza kwa hotuba na picha, mbuzi wakakabidhiwa, na bwana mifugo asionekane tena. Beberu (huyu wa bandani, si yule wa siasa) huletwa mmoja tu, akazeeka papo hapo akiwapanda binti zake na wajukuu zake, hata kizazi kikadhoofika na watu wakawachinja wote. Hesabu yake si ngumu. Mbuzi huchukua mimba miezi mitano, na binti huanza kupandwa akikaribia mwaka. Basi mwaka mmoja na nusu haujatimia, beberu awe amekwisha kuhamishiwa shehia nyengine.

Tunaitaka kila ofisi ya wilaya iwe na daftari la mabeberu wake, lionyeshe kila mmoja yuko wapi na atahamishwa lini, kabla ya kukabidhi mbuzi mwengine hata mmoja.