Nani Amuuguze Muuguzi?



Barua ya juma hili imetoka Rongai, huko Nakuru, kwa ndugu aliyeoa muuguzi, binti wa Likoni. Tangu siku za korona mkewe hapati usingizi. Huamka usiku akaosha mikono hata ngozi ikachubuka, na huogopa kuwakumbatia wanawe. Baadhi ya jamaa wamesema ni jini, wengine ni uchache wa imani. Ndugu anauliza amsomee nini.

Kusoma ni kheri. Lakini kwanza na ayatazame yaliyompata. Tarehe 13 Machi 2020 alipotangazwa mgonjwa wa kwanza nchini, sisi tuliambiwa tukae majumbani, hata misikiti ikafungwa; wauguzi wakaambiwa waende kazini. Disemba mwaka ule waligoma, wakidai, pamoja na mengine, vifaa vya kujikinga na bima ya matibabu. Na ndio waliokaa na wenye kukata roho, jamaa wakiwa wamezuiwa mlangoni.

Kumwita mtu huyo haba wa imani ni kumdhulumu. Nabii Yaakub (a.s.) alilia hata macho yakaingia weupe, na unabii wake haukupungua. Mwaka aliofiwa Mtume wetu (s.a.w.) na Bi Khadija na ami yake Abu Talib, wanahistoria wameuita mwaka wa huzuni.

Kimtesacho zaidi, asema mumewe, ni mzee mmoja Muislamu aliyefariki mbele yake pasi na kutamkishwa shahada, naye akihangaika na mtungi wa oksijeni. Dada yangu, talkini ni sunna, wala Uislamu wa mtu hauvunjiki kwa kuikosa. Saa ile wajibu wako ulikuwa kuiokoa nafsi yake, nawe uliutekeleza. Afaye kwa tauni huhesabiwa katika mashahidi, na wanazuoni wengi wameliingiza gonjwa hili humo. Huna deni kwa mzee yule.

Nawe ndugu, usimzungushe kwa waganga. Jopo la Dkt. Frank Njenga lilipendekeza mwaka 2020 maradhi ya akili yatangazwe kuwa dharura ya taifa. Haya si mambo ya kuonewa haya. Mpeleke kwa daktari wa maradhi hayo Nakuru mjini, siku asiyo na zamu, na iwe hospitali asikofanya kazi, ili apate kusema kwa uhuru. Rukya msomeeni nyumbani, kwa sauti ya chini. Watoto waogeshe wewe kwa sasa. Na kama mamake yu hai, mtumie nauli aje akae naye.