Neno "Kuona" katika Dodoso la Wagonjwa wa Kiharusi

Mgonjwa aliyepooza upande mmoja baada ya kiharusi anaweza kuanza zoezi kabla mkono wake haujaweza kunyanyuka. Huketi, hutulia, kisha hujenga akilini taswira ya mkono ule ukinyanyuka. Zoezi hili, likiongezwa juu ya mazoezi ya viungo ya kawaida, huwasaidia baadhi ya wagonjwa kurudisha utendaji wa mkono. Halihitaji mashine wala umeme, jambo lisilo dogo kwa hospitali yenye wataalamu wachache wa fiziotherapia. Hata hivyo, watu hawalingani katika kujenga taswira ya mwendo, na kiharusi chenyewe huweza kuupunguza uwezo huo. Ndiyo maana hupimwa kwanza.

Kipimo kimoja kinachofahamika ni KVIQ, dodoso lililochapishwa mwaka 2007 na Francine Malouin na wenzake wa Québec, Kanada. Mgonjwa, akiwa ameketi, hufanya tendo moja, kama kukunja kiwiko. Kisha hulirudia akilini tu, bila kujongea. Hutoa alama kuanzia 1 hadi 5 kwa uwazi wa picha aliyoiona, na alama nyingine kwa nguvu ya hisia aliyoipata mwilini. Matendo ni 10. Toleo fupi lina 5. Kutenganisha kuona na kuhisi ndiko kunakolibeba dodoso zima.

Hapo ndipo Kiswahili kinapodai tahadhari. Msemaji wake huona baridi, huona njaa, huona maumivu, huona kizunguzungu. Mgonjwa akiulizwa, "Umeuonaje mkono wako?" aweza kujibu kuhusu ganzi iliyomo mkononi, na jibu lake likaandikwa kuwa ni uwazi wa picha. "Kuwaza" nako kuna mtego wake, kwa kuwa mtu mwenye mawazo, katika lugha ya kila siku, ni mtu aliyelemewa na huzuni. Tena "mguu" ni kuanzia nyonga hadi vidole, ilhali dodoso hutofautisha kunyoosha goti na kugonga sakafu kwa wayo.

Tafsiri rejeshi, inayotegemewa mno, haiwezi kuligundua kosa hili. "Kuona" kutarudi katika Kiingereza kama kulivyotoka, na kamati itaridhika. Alfa ya Cronbach, kipenzi cha waandishi wa tasnifu, inaweza hata kulificha: hupanda pale majibu yanapokwenda pamoja, na wagonjwa wasiotofautisha kuona na kuhisi watatoa majibu yanayokwenda pamoja sana. Kurudia kipimo baada ya wiki moja hakutoshi pia, maana mtu aliyelielewa swali visivyo leo aweza kulielewa vivyo hivyo wiki ijayo. Uchanganuzi wa vipengele una manufaa zaidi. Ukionyesha kwamba sehemu mbili za dodoso zimeyeyuka kuwa moja, mtafiti aitilie shaka tafsiri kabla ya kuutilia shaka ubongo wa mgonjwa.

Jaribio la kwanza basi liwe mazungumzo. Kabla ya kukusanya tarakimu, wagonjwa wachache waelezwe swali, kisha waombwe kulisema upya kwa maneno yao: wazee na vijana, wa pwani na wa bara, wanaozungumza Kiswahili nyumbani na wanaokitumia sokoni tu. Huenda ikadhihirika kwamba "picha uliyoitazama kichwani" inaeleweka kuliko "ulivyoona", na kwamba hisia itajwe pamoja na misuli na viungo. Kazi hii ni ya siku kadhaa, lakini watafiti wengi huiruka.

Anayelipia uzembe huo ni mgonjwa. Alama za chini zilizotokana na swali bovu zaweza kumnyima zoezi ambalo angeliweza. Dodoso hili si mtihani wa akili, naye ana haki ya kusema, "Sijaelewa, uliza tena." Mhudumu naye, hadi tafsiri itakapothibitishwa, aandike kando ya kila alama maneno aliyoyasema mgonjwa mwenyewe.