Haki si bahati

Jirani yangu hapa Katwe hajawahi kuitikia salamu yangu, mwaka wa tatu huu. Nikipanga bido bombani, analisogeza nyuma: "Nyie wakimbizi mnapewa kila kitu." Tunapewa nini, jamani? Ninyi wa Nakivale mnajua, mgao wa chakula uko huko kambini. Huku mjini kodi ni sisi, maji ni sisi.

Usiku mmoja mama alizidiwa. Kijana wa boda, hatujuani kabisa, akatufikisha hospitali na hela akakataa. Namwombea mpaka leo. Lakini ninyi wa mashirika, msimweke kwenye ripoti eti Kampala inatupokea vizuri. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inanipa haki ya kutembea na kufanya kazi. Haisemi "ukibahatika". Wema wa mpita njia ni zawadi, na zawadi hudaiwi mtu.

Semina mnatuitia sisi tu. Mwiteni na jirani, na mwenyekiti wa mtaa pia. Na sisi vijana tujifunze Luganda, tuache kununa.

Kesho bombani nitamsalimu tena: "Wasuze otya, nnyabo?" Akinyamaza, sawa. Ila bido langu halirudi nyuma.